Siku ya Kupaka Vanishi

"Tabasamu, Odile. Watu watadhani unapelekwa mazishini."

Shangazi Zélie aliyasema hayo huku yeye mwenyewe akiburura mguu wake wa kushoto, ule wenye baridi yabisi, na kuning'ang'ania mkono utadhani mimi ndiye bakora yake. Nikajaribu kutabasamu. Wapi! Si kwamba sikuwa na furaha. Furaha nilikuwa nayo, ila ilikuwa imekaa ndani sana, chini ya uchovu wa miaka mitano, na sikuwa na nguvu ya kuivuta ije juu.

Miaka mitano nampenda Bastien Roussac. Miaka mitano baba yangu, mzee Fulgence Delorval, tajiri wa vifungo ambaye nusu ya makoti ya Paris yanafungwa kwa bidhaa zake, anakataa. "Simwozeshi binti yangu mtu anayepaka tope kwenye kitambaa halafu anatuambia ni mto Seine." Hayo ndiyo maneno yake ya kila Jumapili, supu ikiwa mezani. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo wa kunitetea alikuwa shangazi peke yake, na shangazi akishatetea mara moja huchoka akaenda kulala.

Vuli iliyopita baba akalegea. Akatoa sharti: Bastien apeleke picha kwenye Maonyesho Makuu, kama wachoraji wenye heshima zao. Waamuzi wakiipokea, ndoa ipo. Wakiikataa, asahau kwamba mimi nimezaliwa. Na mpaka jibu litoke, tusionane hata kwa mbali.

Sharti hilo lilimtoa Bastien roho. Yeye ni wa lile kundi linalobeba turubai na kwenda kuchora nje, juani, wanaopaka vivuli rangi ya buluu na kuchekwa na magazeti. Walikuwa wamepatana wenyewe kwa wenyewe kwamba atakayejipendekeza kwa wale waamuzi, asitundike tena picha pamoja nao. Bastien alipopeleka, Gaspard Thuillier, rafiki yake wa kula sahani moja, alimgeuzia kiti pale mkahawani mbele za watu. Akampa mgongo hivi hivi, akaendelea na bia yake. Bastien akatoka bila kumaliza kahawa. Hakurudi tena pale.

Yote hayo kwa ajili yangu. Na jibu likatoka: imepokelewa!

Sasa ilikuwa siku ya kupaka vanishi, kesho yake ndiyo milango ifunguliwe kwa watu wote. Siku hiyo wachoraji huja na ngazi zao na chupa zao, huzipaka picha mng'aro wa mwisho, na ndugu na jamaa huja kuwapongeza. Ukumbi ulikuwa umejaa kelele na harufu kali ya vanishi. Picha zilifunika kuta kutoka kiunoni mpaka darini, fremu inagusa fremu, na kila baada ya hatua chache kulikuwa na mwanamume juu ya ngazi, koti kalivua, anapaka na kuimba.

Nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha chini cha ngazi yake, chupa ya vanishi mapajani, kifuniko bado hakijafunguliwa. Mabega yameanguka. Ndevu zake zilikuwa na mvi ambazo sikuziacha mimi. Moyo uliniuma, jamani. Nilitaka kwenda kumshika kichwa chake nikiweke hapa kifuani, watu waseme wanayotaka kusema.

Akainua macho. Tulitazamana tu, kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja njia ndefu na kila mmoja anamuuliza mwenzake kwa macho kama tumefika.

"Umekonda," nikamwambia mwisho.

"Na wewe."

"Mimi sijakonda. Ni shangazi kanikaza kamba za gauni hata pumzi sipati."

"Nilikukaza ili upendeze, kiumbe asiye na shukrani," shangazi akadakia. "Bwana Roussac, hujambo? Umekuwa mwembamba kama brashi. Kuna kiti hapa? Nionyesheni kiti, mengine nitayasikia nikiwa nimekaa."

Bastien akacheka, akamwongoza mpaka kwenye benchi la mahameli katikati ya ukumbi. Shangazi akajitupa pale, akavua kiatu kimoja chini ya sketi, akafumba macho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote, kutulinda, na kuna watu wachache waliolinda kwa kusinzia kama yeye. Mungu ambariki.

"Baba yako yuko wapi?" Bastien akauliza.

"Alitangulia tangu asubuhi. Sijui yuko ukumbi gani. Bastien, picha iko wapi? Nionyeshe."

"Ile kule. Safu ya pili, juu ya ile picha ya bibi mwenye mbwa." Sauti yake ilishuka. "Ni ile ya Bezons, Odile. Ya siku ile gatini. Sikutaka kupeleka nyingine. Nilisema, kama ni kuuza roho, basi niiuze pamoja na siku hiyo."

Siku ile! Kiangazi kilichopita, kwenye gati la Bezons, jua limesimama juu ya mto, na ng'ambo ile nyumba nyeupe yenye madirisha ya kijani. Tulichora wote wawili kitu kimoja, mimi na yeye, bega kwa bega, turubai zetu zimekatwa kwenye kitambaa kimoja na rangi tunachota kwenye kibao kimoja. Marafiki zake walizoea kututania kwamba tumezaliwa mapacha, mkono wa mmoja ukikatika mwingine utamalizia picha. Siku ile alinibusu nyuma ya mwavuli, brashi bado mkononi, akanipaka rangi ya kijani shingoni. Shangazi alikuwa anakoroma.

Nikainua macho kuitazama picha.

Mara ya kwanza niliona rangi tu. Kwa sababu ya waamuzi alikuwa ameilainisha, mapigo ya brashi ameyapoza, mbingu kaipaka wekundu wa udongo. Nikasema moyoni, ah, maskini, wamekulazimisha. Halafu macho yangu yakashuka kwenye reli ya gati, ile reli ya mbao iliyokuwa mbele yetu, nikaifuata kutoka kushoto kwenda kulia, kisha nikairudia kutoka kulia kwenda kushoto.

Reli ilikuwa inapita katikati ya madirisha ya nyumba nyeupe.

Ngoja niwaeleze. Baba aliniruhusu kuchora kwa masharti yake: niwe nimekaa, nivae glavu, shangazi awe ubavuni. Mwanamke anayesimama mbele ya turubai njiani, alisema, anafanana na mpakaji wa chokaa. Kwa hiyo mimi siku zote nachora nikiwa kwenye kigoda. Bastien huchora amesimama, na ni mrefu. Ukiwa umesimama pale gatini, unaitazama reli kwa juu, unaona iko chini kabisa, inakata maji. Kati ya reli na ile nyumba kuna mto mpana unang'aa. Lakini ukikaa kwenye kigoda, reli inapanda mpaka usawa wa macho yako. Inayafunika maji, yanabaki kidogo tu chini yake, inaikata nyumba katikati ya madirisha. Nilihangaika na reli hiyo mchana kutwa. Niliifuta, nikairudia, nikaifuta tena, mpaka Bastien akaniambia, si uiache tu, kwani nani atakuuliza?

Picha ile pale ukutani ilichorwa na mtu aliyekaa.

"Bastien," nikasema.

"Najua. Wekundu ule. Usiniambie."

"Siyo wekundu. Itazame reli."

Akatazama. Nilimwona anatafuta kosa la mkono, la rangi, kama wanavyotafuta wachoraji. Hakuliona.

"Imekaa vizuri," akasema. "Ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye picha hii."

"Inapita wapi?"

"Kwenye madiri..."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka namna ile. Akashika ngazi. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama picha. Karibu yetu mtu mmoja juu ya ngazi yake alikuwa anapiga mluzi, na mluzi ule ulinikera hata nikatamani kumtikisa aanguke.

"Nilikuwa nimesimama," Bastien akasema polepole.

"Ulikuwa umesimama."

"Ee Mungu wangu. Odile. Hii ni yako."

"Ni yangu."

"Haki ya Mungu sikujua. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Zote mbili zilikuwa kwangu, wewe mwenyewe uliniachia, ulisema kwenu hawataki harufu ya mafuta ndani. Ziligeuzwa uso ukutani tangu kiangazi. Februari nikazitoa, kuna giza, kuna baridi, vidole vimekufa ganzi, hazina majina. Nikapaka juu yake wiki nzima, napaka huku nalia, Odile, kwa sababu ya wale waamuzi..."

"Nakuamini," nikasema. Na kweli nilimwamini. Lakini kulikuwa na kitu kimechoma moyoni, hakikutaka kutulia. "Ulizitoa zote mbili?"

"Ndiyo."

"Ukaziweka pamoja, ukazitazama?"

"Ndiyo."

"Sasa ukajuaje ipi ni yako?"

Aligeuza chupa ya vanishi mkononi, akaigeuza tena. Masikio yake yakawa mekundu.

"Sema tu, Bastien. Nimechoka kubahatisha mambo."

"Nilichukua... nilichukua iliyo nzuri zaidi."

Basi. Hapo ndipo iliponiuma, na iliniuma kweli. Mtu huyu ambaye nimemsubiri mpaka marafiki zangu wote wana watoto wanaokwenda shule, mtu huyu aliyenishika mkono akanifundisha kuona kivuli, aliziweka picha zetu mbili mbele yake, na iliyo nzuri, bila hata kufikiri, akajua ni yake.

"Na ile nyingine?" nikauliza.

"Nimeitundika juu ya kitanda changu."

"Ile mbaya."

"Sikuiona mbaya! Niliiona..." Akatafuta neno. "Ina udhaifu kidogo kwenye maji. Lakini niliipenda kwa sababu niliona ni yako. Kila usiku naiambia, lala salama, Odile. Hatukuonana, na tangu Februari ile ndiyo iliyokuwa inanipa nguvu ya kuamka."

Nikamtazama. Akanitazama. Na ingawa moyo ulikuwa unavuja damu, kicheko kikanipanda kooni.

"Kwa hiyo umekuwa unajilaza salama mwenyewe."

"Mwenyewe," akasema kwa aibu. "Nimekuwa naibusu picha yangu mwenyewe, mjinga mimi."

Tukacheka. Kicheko cha watu waliochoka, kisicho na sauti, kile ambacho kikiendelea kidogo kinageuka kilio. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

"Nitamwambia mzee," akasema. "Leo hii hii. Nitamwambia si yangu."

"Ukimwambia, hukupokelewa."

"Najua."

"Sharti limevunjika. Hakuna ndoa."

"Najua, Odile. Nimewapoteza rafiki zangu, sasa nakupoteza na wewe. Lakini siwezi kula chakula cha harusi yangu kwa picha yako."

"Unaweza," nikasema.

"Nini?"

Nilisogea karibu naye, karibu kuliko inavyoruhusiwa. Nilikuwa naona mshono wa kola yake, aliushona mwenyewe, vibaya. "Paka vanishi, Bastien. Paka, imalizike. Jina lako limeshaandikwa pale pembeni, vanishi ikishapita juu yake, limefungwa. Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Mimi ni mtu mzima sasa. Nimechoka kuingia kwenye chumba na kila mtu kunyamaza kwa kunihurumia. Nimechoka kukupenda na shangazi ubavuni. Nataka nyumba, nataka asubuhi nikuone unatafuta soksi. Reli tu hiyo, nitakuachia. Nitakuwa nimeitoa mahari."

"Usiseme hivyo."

"Paka."

"Odile, unalia."

"Nalia kwa sababu kamba zinabana. Panda ngazi."

Akasimama pale, chupa mkononi, na nikaona anavutwa huku na huku. Alinitaka. Tulitakana mpaka ukumbi mzima uliniwia mdogo. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Kisha cha pili. Akafungua chupa.

"Mmh! Hapo hapo, kijana! Usiiguse kwanza!"

Alikuwa baba. Anakuja kutoka ukumbi wa pili, kofia mkononi, uso mwekundu, anapasua watu. Nikajua mara moja kwamba ameshajua, ingawa asingeweza kujua. Mtu mwenye siri ndivyo anavyokuwa.

"Baba," nikasema.

"Subiri, mwanangu, nataka kusema na huyu." Akasimama chini ya picha, akavuta pumzi. Baba yangu ni mtu wa sauti, anayepiga meza. Lakini sauti iliyomtoka pale ilikuwa ya chini, sikuizoea. "Roussac, nimefika hapa tangu mlango ulipofunguliwa. Nilikuja kutafuta kasoro, nisikufiche. Nilisema nikipata kasoro hata moja nitakuwa na la kusema jioni mezani."

"Ndiyo, mzee," Bastien akasema kutoka juu ya ngazi.

"Nikasimama hapa. Mimi, kijana, tangu siku niliyofungua duka langu la kwanza, sijakaa. Naamka nimesimama, nauza nimesimama, mke wangu alifariki mimi nimesimama ghalani nahesabu makasha. Unanielewa? Miguu yangu haijui kukaa. Basi nikaitazama hiyo reli yako." Akainua kofia, akaionyesha. "Nikajikuta nimekaa. Nimekaa pale ukingoni mwa mto, reli iko hapa, mbele ya pua yangu, na sina pa kwenda. Mzima mzima nilihisi nimekaa. Nikatoka nikaenda ukumbi mwingine, nikarudi, nikakaa tena. Sijui umefanyaje. Mimi ni mtu wa vifungo. Lakini nilikuita mpakaji wa tope, na nataka kukuomba radhi."

Akanyoosha mkono juu, ampe Bastien.

Nani angeweza kustahimili hapo? Mimi baba yangu hajawahi kutazama picha yangu hata moja. Nikimletea husema, nzuri, mwanangu, weka pale isichafue meza. Nimekua nikitamani akae mbele ya kitu changu kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Sasa amekaa. Amekaa mara mbili, na mkono wake anampa mtu mwingine.

Bastien hakuushika ule mkono. Alinitazama mimi. Macho yake yalisema, uamuzi ni wako, na chochote utakachosema nitafanya, hata cha kunimaliza.

"Shuka, Bastien," nikasema.

Akashuka. Hakuuliza kwa nini.

"Nipe kisu chako cha rangi. Na kitambaa."

Akanipa. Nikavua glavu, nikampa shangazi, ambaye alikuwa amefumbua macho na kukaa wima benchini, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi.

"Odile, unafanya nini?" baba akauliza.

"Napanda ngazi, baba."

"Wanawake hawapandi ngazi! Watu wanatazama!"

"Watazame." Nikakusanya sketi kwa mkono mmoja. Kidato cha kwanza kilitikisika. "Hukujiuliza ni nani aliyekuwa amekaa pale mtoni, baba? Huyu Bastien ana urefu gani? Umewahi kumwona anachora amekaa?"

"Sielewi hata neno."

"Ni nani uliyemwambia achore akiwa kwenye kigoda, na glavu, kama bibi anayefuma? Ni nani?"

Baba akafungua mdomo. Ni shangazi aliyesema, na sauti yake ilikuwa haina usingizi hata kidogo.

"Mimi nilikuwepo, Fulgence. Kigoda nilikibeba mimi, na mkono ukaniuma siku tatu. Ile reli aliifuta hata nikamwambia, mtoto, twende nyumbani, jua linazama."

"Si ulikuwa umelala?" nikamuuliza kutoka juu.

"Nalala jicho moja. Hata la mwavuli nililiona, sema sikulisema."

Bastien akawa mwekundu mpaka shingoni. Baba aligeuka kumtazama, na nikaona mshipa wa paji la uso wake unavimba.

"Roussac! Ni kweli?"

"Kweli, mzee. Nilizichanganya. Nilidhani iliyo bora lazima iwe yangu." Hakujitetea zaidi ya hapo. "Ni ya Odile. Kila kitu kizuri pale ni cha Odile. Wekundu wa mbingu ndio wangu, na nauonea haya. Sharti lako sijalitimiza. Nitaondoka ukiniambia niondoke."

"Na wewe na kisu hicho, unataka ulifute jina lake uandike langu hapo," baba akaniambia, "Delorval, ukutani, kila mpita njia asome jina la binti yangu?"

"Picha imebaki ile ile, baba. Uliipenda kabla hujajua ni ya nani."

"Ukiandika, hakuna harusi! Nasema mbele ya shangazi yako. Huyu hana picha, na mimi nilisema."

Nikafumba macho kidogo. Nilikuwa nimeshafika juu, uso wangu uko sawa na reli yangu, naisikia harufu ya mafuta. Na mwili wangu wote ulikuwa mzito, mikono, kope, magoti. Nilimpenda Bastien kuliko siku yoyote ya ile miaka mitano. Nilijua nikikwangua nampoteza. Nilijua pia kwamba nisipokwangua, kila asubuhi nitamwona anatafuta soksi na nitaikumbuka reli, na mwisho nitamchukia kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nilimwambia alifanye.

"Baba, nimechoka," nikasema. "Sina hata nguvu ya kugombana nawe. Kama hakuna harusi, basi. Lakini uliyemwomba radhi ni mimi."

Nikaweka ncha ya kisu kwenye herufi ya kwanza ya Roussac. Rangi ilitoka kama ganda jembamba. Chini yake maji yangu yalikuwepo bado, buluu na waridi, hayajafa.

Ngazi ikayumba. Nikashika fremu, roho mkononi. Halafu ngazi ikatulia, nikatazama chini. Bastien alikuwa ameikumbatia kwa mkono wake wa kulia, bega lake limeegemea vidato, uso wake ameuinua kwangu. Jina lake lilikuwa linamwangukia kwenye nywele, vipande vipande, na alikuwa anatabasamu, yule mtu aliyechoka.

"Odile."

"Nini?"

"Bado unanitaka? Mtu asiye na picha, asiye na rafiki, asiyejua kazi yake na ya mwenzake?"

"Usiniulize mambo makubwa nikiwa juu ya ngazi. Nipe brashi nyembamba. Ile uliyokuwa nayo siku ya mwavuli."

Akanipa. Vidole vyake vikabaki kwenye vyangu. Watu walikuwa wamekusanyika sasa, mwenye mluzi ameacha kupiga mluzi, na mtu mmoja nyuma alicheka. Sikujali. Niliandika Odile, nikaandika D.

Nyuma yangu nikasikia shangazi akigonga benchi kwa kiatu chake.

"Kaa, Fulgence," akasema. "Kaa chini, kaka yangu. Umesimama vya kutosha."

Sikugeuka. Nikasikia benchi likilia kwa uzito wa mtu mnene, na pumzi ndefu, kama ya mtu aliyevua viatu baada ya siku nzima. Nikaandika e, nikaandika l. Nikajua anaitazama reli akiwa amekaa, kama mtu aliyeichora.

"Mambo ya harusi tutayazungumza nyumbani," sauti ya baba ikasema mwishowe, nzito. "Siyo hapa mbele za watu. Na wewe, Roussac!"

"Naam, mzee."

"Shika hiyo ngazi kwa mikono miwili."